Mkeo amechoka, si kwamba haelewi

Baba wa watoto watatu wa Igoma, Mwanza, ameniandikia kwamba ana miezi sasa hapati usingizi. Usiku kucha yuko kwenye simu akifuatilia vita na mabomu ya nyuklia, moyo unamwenda mbio, na haoni maana ya kujenga wala kuweka akiba kwa dunia itakayoteketea. Mkewe, anasema, "haelewi mambo ya dunia": akirudi kutoka soko la samaki la Mwaloni ananuka dagaa, anakula, analala kama gogo. Sasa amehamia chumba cha watoto.

Pole, mwanangu. Hofu yako si ya kubuni. Hiroshima na Nagasaki ziliteketezwa ndani ya siku 3, Agosti 1945, na leo nchi 9 zina silaha hizo.

Ila barua yako nimeisoma mara mbili. Urusi na Marekani umezipa ukurasa mzima. Mkeo mistari minne, yote lawama. Boma limesimama usawa wa madirisha, unasema "tulisimamisha". Nani alisimamisha? Watoto wanasoma, na hukusema ada inatoka wapi. Mimi nakuambia: inatoka kwenye magunia ya dagaa. Mwanamke anaamka usiku wa manane kuwahi mzigo, anarudi na vumbi la dagaa kwenye kucha, wewe unamwita mjinga kwa kuwa analala! Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Niko upande wake, na hata chumba angehama mapema zaidi.

Tena, ulishawahi kumwambia, "Mama watoto, naogopa"? Naona ulimhutubia tu. Zamani mume akikosa usingizi alimwamsha mkewe, wakaongea gizani mpaka jogoo awike. Siku hizi anampa mgongo, anawasha simu, kisha analalamika yuko peke yake. Ndoa nyingi zinafia hapo, wala si kwa michepuko kama mnavyodhani.

Watazame Wajapani walionusurika mabomu yale. Walioungua ngozi wenyewe! Walioa, walizaa, mwaka 1956 wakaunda chama chao, wakazunguka dunia wakisimulia mpaka wakapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2024. Na kati ya miaka ya 1980 na leo, vichwa vya nyuklia vimepungua kutoka zaidi ya 60,000 hadi kama 12,000. Kuna watu walikaa mezani wakavipunguza. Wewe kukesha na simu hujapunguza hata kimoja.

Leo simu ilale sebuleni. Mwombe mkeo radhi, mwambie unaogopa, bila kumtajia Urusi. Kesho nenda naye Mwaloni ukabebe magunia. Ikipita wiki mbili usingizi haujarudi, nenda hospitali umweleze daktari kama ulivyonieleza mimi. Ni ugonjwa, na una tiba. Na ada ya muhula ujao lipa wewe, risiti umkabidhi mkeo mkononi.