Waliniita Tambi kwa sababu ya pembe moja

Jumapili mama mmoja kaniandikia: "Mwalimu, mwanangu yuko kidato cha kwanza, mstari ukikata mistari miwili anachanganya pembe zote. Nimfanyeje?" Nikacheka peke yangu. Kovu hilo ninalo.

Nilikuwa kidato cha pili. Ubaoni mistari miwili imekatwa na mkingamo, yaani mstari wa tatu unaoikatiza, pembe moja nyuzi 65, mbadala wake (ya ndani, upande wa pili wa mkingamo, kama kona mbili za herufi Z) imeandikwa x. Nikanyoosha mkono kabla ya wote: "Sitini na tano! Si Z hiyo?" Mwalimu akaniuliza nani kaniambia mistari ile ni sambamba. Nikatazama. Haina vishale, zile alama za kuonyesha kwamba mistari ni sambamba. "Wewe utaona Z hata kwenye tambi," akasema, darasa likaangua kicheko. Hadi namaliza shule nikaitwa Tambi. Kunidhalilisha vile alikosea, na sijabadili mawazo. Ila swali lake lilikuwa la haki.

Maana mkingamo ukikata mistari miwili yoyote, pembe 8 zinapatikana na majina yote yapo: mbadala, zenye nafasi sawa, za ndani upande mmoja. Usawa ndio haupo mpaka mistari iwe sambamba.

Mama, mpe daftari la mistari. Alaze rula mshazari juu ya mistari miwili, achore, apime pembe zote kwa kipimapembe. Atakuta vipimo viwili tu, tuseme 65 na 115, na za ndani upande mmoja zikijumlishwa ni 180. Halafu achore mchoro mwingine, mstari wa chini auinamishe kidogo, apime tena. Zinazotazamana kwenye makutano bado ziko sawa; mbadala zimeshaachana. Asiruke hatua hii ya pili. Mimi niliiruka, mkanijua kwa jina.

Eratosthenes, msomi Mgiriki wa karne ya 3 KK, alikadiria mzingo wa dunia kwa pembe mbadala: kivuli cha Alexandria, Misri, kilimpa nyuzi 7.2, sawa na pembe mbadala yake katikati ya dunia, yaani 1/50 ya duara, akazidisha kwa 50 umbali wa kutoka hapo hadi Syene (Aswan ya leo). Lakini alianza kwa kuichukulia miale ya jua kuwa sambamba. Ninyi mnaokariri Z, F na U (mbadala, zenye nafasi sawa, za ndani upande mmoja) usiku wa mtihani, mnaanzia wapi? Vishale kwanza, jamani! Vishale!

Na swali lisipokuwa na vishale wala neno sambamba, mtoto aandike "haiwezi kujulikana", hata kama darasa zima limeshasema 65.