Ukiona namba inaitika ila tovuti haifunguki, usikimbilie kumfokea mtoa huduma

Mwaka jana nilifunga rauta ya MikroTik kwenye stationari ya mama mmoja pale Mwanga, Kigoma, nikala chai yake nikaaga, sijafika hata sokoni akanipigia, "mwanangu mtandao wako haufungui kitu, nina watoto wa watu wamejaa hapa wanataka kuomba mkopo wa chuo!" Nikarudi na bodaboda. Nikapiga pingi, yaani nikaibishia hodi namba 8.8.8.8 ya Google, inaitika safi kabisa, nikaandika jina la tovuti, kimya. Kwa ujuaji wangu nikampigia mtoa huduma nikamfokea kijana wa watu weee, kumbe kosa ni langu.

Iko hivi. Kompyuta zinatafutana kwa namba, majina ni yetu sisi binadamu, na kazi ya kugeuza jina kuwa namba ndiyo inaitwa DNS. Ni kama kumtafuta mtu Ujiji, hakuna anayekutajia namba ya nyumba, unauliza kijiweni kwa mzee fulani ni wapi, asiyejua anakusogeza kwa anayejua. Kompyuta ya mama inaiuliza rauta, rauta inaiuliza seva uliyoijaza, yaani kompyuta ya kujibu maswali hayo, mfano 8.8.8.8 au 1.1.1.1, nayo kama haina jibu inaanzia juu kabisa kwenye seva za mzizi, zile zenye majina 13, A mpaka M, hizo zinasema anayeshughulika na .tz ni fulani, huyo anasema jina hilo muulize fulani, mpaka namba inapatikana. Jibu likirudi rauta inalitunza kwa muda aliopanga mwenye jina, ndo maana mtu akihamisha tovuti yake leo wewe unaweza kuendelea kupelekwa kwenye namba ya zamani, ukichoka kusubiri futa hiyo kumbukumbu kwenye rauta na kwenye kompyuta pia.

Sasa mimi nilikuwa nimeifuta rauta ikawa tupu, bila mipangilio ya kiwandani, maana mafundi wa YouTube wote wanafanya hivyo na mimi nikajiona fundi. Seva za DNS nikajaza, ila kwenye menyu ya IP kisha DNS sikutiki "Allow Remote Requests". Bila hiyo tiki rauta inajitafutia majina yenyewe tu, kompyuta za nyuma yake zikiuliza hazijibiwi, na mimi nilikuwa nimeziambia zote ziulize kwa 192.168.88.1. Nikatiki, kila kitu kikafunguka, mama akanipa soda.

Ningeishia hapo ningekuwa shujaa.

Baada ya siku kama nne mtandao ukawa mzito, video haziendi, nafungua Winbox, ile programu ya kuiendeshea MikroTik, prosesa iko asilimia 100 na watu dukani ni wawili tu. Ile tiki haichagui wa ndani na wa nje, inamjibu yeyote anayebisha poti 53, mlango wa maswali ya majina, na laini ya pale ilikuwa na IP ya umma, namba inayofikika kutoka popote mtandaoni, na kwa kuwa nilifuta mipangilio ya kiwandani fayawoli, ule ukuta wa kuzuia wasiotakiwa, nayo ilikwenda na maji. Wahuni wa mtandaoni wanatafuta rauta za namna hiyo, wanatuma swali dogo kwa jina la mtu mwingine, rauta yako inammwagia huyo mtu majibu makubwa, wewe unakuwa jambazi bila kujua.

Kwa hiyo ukitiki, hapohapo nenda fayawoli, chain ya input, yaani sheria za kinachokuja kwa rauta yenyewe, zuia poti 53 ya UDP na ya TCP, njia zote mbili za kusafirisha maswali, kwa kinachoingia kupitia waya wa mtoa huduma. Usiogope kwamba utajizibia, rauta inapouliza nje majibu yanarudi yakitokea poti 53, hayaji kuigonga 53 yako.

Na unajua nani alinishtua? Yule yule kijana niliyemfokea. Alipiga mwenyewe, taratibu, "kaka, rauta yenu inajibu maswali ya dunia nzima, umeiachaje hivyo?" Nikasema samahani mdogo wangu, endelea, nakusikiliza.