Shemeji ameomba kuja kwenye mkutano wetu

SWALI

Mheshimiwa Mshauri,

Mimi ni katibu wa kamati ya watu 5 inayoandaa mkutano wa wenzetu tuliomaliza stashahada katika chuo kimoja cha hapa Dar es Salaam mwaka 1989. Tulikuwa 41. Wenzetu 9 wametangulia mbele ya haki, na wawili hatujui waliko. Tumekodi bustani Mbezi Beach kwa Jumamosi moja, mchango ni shilingi 120,000 kwa kila mmoja, na tumekubaliana kwamba hakuna atakayekuja na mwenzi wake.

Mwezi uliopita nilipigiwa simu na mjane wa mmoja wa marehemu hao. Mumewe, ambaye chuoni tulimwita Fundi Saa kwa kuwa alikuwa akitutengenezea saa zetu bila malipo, alifariki mwaka 2009 huko Tabora alikokuwa akifanya kazi. Walioana mwaka 1994, kwa hiyo shemeji hakumjua wakati wa chuo. Sasa anaishi kwa binti yake Kimara. Ameniambia kwamba anayo picha ya vijana 7, mumewe akiwa mmoja wao, iliyopigwa kwenye pantoni la Kigamboni. Nyuma ya picha hiyo mumewe aliandika majina, lakini yote ni ya utani, na la saba limefutika kwa maji. Anaomba kuja ili awaone watu hao na kuwajua.

Kamati imegawanyika. Wapo wanaosema ataleta simanzi katika siku ya furaha, na wapo wanaosema tukimruhusu yeye, wenzi wote watadai kuja. Wengine wananong'ona kwamba mmoja wa wenzetu wa kike, ambaye amethibitisha kuhudhuria, aliwahi kuwa mchumba wa marehemu. Nikiri pia kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumzika. Habari zilitufikia baada ya mwezi mzima, na kila mmoja alidhani mwenzake ametuma rambirambi. Tumjibu nini?

Katibu, Kinondoni

JIBU

Ndugu Katibu, mwambieni aje, na mwambieni wiki hii, kwa sababu mtu aliyeomba jambo kama hilo kwa simu na kuachwa mwezi mzima bila jibu ameshaanza kujibiwa kwa kimya chenu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na naona kwamba sababu uliyoiweka mwisho ndiyo iliyozaa zile za mwanzo. Kamati haimwogopi mjane kwa ajili ya simanzi. Watu wa umri wenu mmeshazika wazazi, ndugu, na baadhi yenu hata watoto, na mnajua kulia na kucheka katika kikao kimoja. Mnachokiogopa ni kumtazama usoni mtu ambaye siku ya msiba wake hakumwona hata mmoja wenu. Hofu hiyo ni ya haki, na sikusudii kuipunguza, lakini kumzuia mlangoni hakuwezi kuiondoa.

Nitaeleza kwanza jinsi ninavyodhani mlifika hapo, maana naamini haikuwa roho mbaya. Kizazi chenu kilisoma wakati ambapo kijana wa kidato cha sita alipitia Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, utaratibu ambao ulisitishwa mwaka 1994, kisha akaingia chuoni akiwa tayari ameshakimbia mchakamchaka na kula maharage ya kambini pamoja na watu wa makabila na dini zote. Serikali ndiyo iliyowalipia masomo, na wanafunzi wa mikoani walipanda treni ya Reli ya Kati kwa waranti ya safari. Mlisoma wakati kumbukumbu ya uhaba wa sukari na sabuni ilikuwa bado mbichi, na kijana aliyejua kurudisha uhai wa saa iliyokufa alikuwa na thamani ambayo vijana wa leo hawawezi kuikadiria. Halafu mkamaliza, mkapangiwa vituo vya kazi huku na huko, na muongo uliofuata ukaja na kupunguzwa kazini, ambako kuliwatoa watu wengi katika ofisi na katika anwani zao. Wakati huo habari ya kifo ilikwenda kwa barua ya sanduku la posta au kwa matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na aliyekuwa safarini siku hiyo aliikosa. Mwaka 2009 simu za mkononi zilikuwapo, lakini bado hamkuwa na kundi la kuwaunganisha, na hapo ndipo kila mmoja alipopata nafasi ya kudhani kwamba mwenzake amekwenda.

Hayo yanaeleza kwa nini hamkuwapo. Hayaelezi kwa nini hamkwenda baadaye, kwa miaka yote iliyofuata, hali mkijua. Katika mila zetu mkono wa pole hauna tarehe ya mwisho, na mtu aliyechelewa kuhani huenda hata kama kaburi limeshaota majani, akasema neno lake, akakaa kitako, akanywa maji, akaondoka. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhusu bustani ya Mbezi Beach hata kidogo. Nendeni Kimara kabla ya mkutano, watu watatu au wanne, na angalau mmoja wenu awe mwanamke. Msiende na hotuba. Mwenye umri mkubwa aseme maneno machache yasiyo na maelezo ya safari wala ya kazi: hatukuja kumzika mwenzetu, tumekosa, tunaomba radhi. Mkitoa fedha, ziiteni rambirambi iliyochelewa, kwa sababu ndivyo zilivyo, na msizichanganye kamwe na mchango wa mkutano. Si jambo la busara kumkutanisha mjane na nyinyi kwa mara ya kwanza mbele ya meza ya vyakula na muziki, akiwa bado anajiuliza moyoni kama mnafahamu kwamba hamkuja.

Kuhusu kanuni ya kuja bila wenzi, naiunga mkono, na ninyi msiibadilishe. Mtu aliyekutana na wenzake baada ya miaka zaidi ya 35 anahitaji saa chache za kuitwa kwa jina lake la zamani bila kulazimika kumfafanulia mkewe au mumewe kila kicheko. Lakini huyu haji kama mwenzi wa mwanachama. Anakuja mahali pa mwanachama ambaye hawezi kuja. Tena angalieni neno mnalomwita. Katika barua yako umemwita shemeji bila hata kufikiri, na umefanya vyema, kwa sababu hivyo ndivyo mke wa mwenzetu anavyoitwa. Shemeji akibisha hodi haulizwi kama yumo katika orodha. Yeyote atakayewaambia kwamba naye basi atamleta mkewe, mjibuni kwa upole kwamba mkewe amemwacha nyumbani akiwa na mume wa kurudi kumsimulia.

Suala la yule mwenzenu aliyekuwa mchumba lisijadiliwe na kamati, na lisitajwe tena katika minong'ono. Mmoja wenu anayemheshimu, mwanamke kwa mwanamke ikiwezekana, amwendee peke yake na kumwarifu kwamba mjane atakuwapo. Yeye ndiye atakayeamua akae karibu au mbali, na kama ataona bora kufika jioni, uamuzi huo ni wake na hauhitaji kuelezwa. Wanaume wenye mazoea ya utani waonywe mapema. Najua mizaha ya chuo ilivyo tamu ikirudi mdomoni baada ya miaka mingi, na najua pia jinsi neno moja la kuchekesha linavyoweza kumpeleka mwanamke nyumbani akiwa na jambo ambalo hana tena wa kumuuliza.

Sasa nije kwenye kile alichokiomba hasa, maana naona kamati imekipita haraka. Huyu mama aliishi na mumewe miaka 15. Anajua alivyougua, alivyolea watoto, alivyonuna, alivyoweka fedha. Asichokijua ni kijana aliyekuwapo kabla yake, na watu pekee waliobaki duniani wanaomjua kijana huyo ni ninyi. Mtu aliyeoa mwaka 1994 alikuwa ameshaishi sehemu nzima ya maisha yake mbele ya macho yenu: jinsi alivyotembea, alichoogopa kwenye mtihani, wimbo aliouimba akifua, mahali alipoketi na vile vyuma vyake vidogo akifungua mgongo wa saa. Mengi ya hayo hata wazazi wake hawakuyaona. Baadhi yenu mmeshafika miaka 60, ambayo ndiyo ya kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma, na nadhani ndiyo sababu mikutano hii imeongezeka hivi sasa, kwamba watu wamepata siku zao. Lakini siku hizo hazitabaki nyingi, na kila mwenzenu anayeondoka anaondoka na sehemu yake ya Fundi Saa.

Kwa hiyo kila atakayehudhuria aombwe kuandika jambo moja tu alilolishuhudia yeye mwenyewe. Sifa za jumla kama zile za mazishini, kwamba alikuwa mtu wa watu na mcheshi, hazitamsaidia shemeji. Aliyewahi kutengenezewa saa aandike ilikuwa saa gani, iliharibika nini, na walizungumza nini wakati anasubiri. Karatasi hizo akabidhiwe aende nazo.

Ratiba isiwasumbue. Afike mchana, ale nanyi, mkae naye saa mbili au tatu, kisha mmoja wenu amrudishe Kimara kwa gari, na ninyi mwendelee na jioni yenu. Asitozwe mchango. Binti yake akitaka kumsindikiza, mpokeeni. Familia za wale marehemu 8 wengine nazo zipelekewe salamu na ziulizwe kama yupo anayependa kuja saa hizo za mchana. Wengi pengine hawatakuja, lakini wataulizwa.

Nimebakiza picha. Nina wasiwasi kwamba mtamwomba aitume kwenye kundi lenu la WhatsApp, na kabla ya jua kutua watu 30 watakuwa wameshabishana na kumaliza kutaja majina yote, yeye akiwa jikoni hana habari. Msifanye hivyo. Aje nayo mkononi. Tayarisheni meza yenye mwanga wa kutosha na miwani ya kusomea, na mumpeleke mtu mwenye mkono mzuri akae pembeni yake na karatasi, kwa sababu majina hayapaswi kuandikwa tena juu ya mwandiko wa marehemu. Wale walioko pichani ambao bado wako hai wasogee mmoja mmoja, kila mmoja aseme jina lake la utani na jina alilopewa na wazazi wake. Jina la saba, lile lililofutika, msilikisie kabla hajafika. Subirini aiweke picha mezani, muinamie pamoja naye, mwangalie ni nani aliyekuwa amesimama pale mwisho karibu na mnyororo wa pantoni.