Mwanangu anasema mkaa ni hewa, kweli?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mimi nauza mkaa hapa Morogoro, mwanangu yuko kidato cha pili, juzi tunapima mkaa kwenye makopo akaniambia mama huu wote ni hewa, mti haujengwi na udongo. Nikamwambia acha mambo yako, mti si umesimama kwenye udongo na mbolea tunaweka? Baba yake naye kashindwa kumjibu. Nani yuko sahihi? Na kama ni hewa, nikiuchoma si inarudi tu ilikotoka, mbona tunasemwa tunaharibu mazingira?

JIBU: Dada yangu, mtoto yuko sahihi, tena mpe hongera.

Chukua kipande cha mkaa ukivunje. Kile cheusi kinachong'aa ndani ni ukaa karibu mtupu, yaani kaboni, na ukisogeza machoni utaona vitundu vidogo vidogo, humo ndo maji yalikuwa yanapanda kutoka kwenye mizizi. Ukaa huo mti haukuunyonya ardhini, uliuvuta hewani kupitia vinyweleo vya majani ambavyo kwa macho huvioni, ukiwa ni kabonidayoksaidi, hewa yenye ukaa ndani yake, ambayo kwenye hewa yote ni kama asilimia 0.04 tu, yaani kidogo mno, na bado msitu mzima umejengwa nayo! Mizizi inaleta maji, ile rangi ya kijani ya jani inakamata mwanga wa jua, nguvu hiyo inatengeneza sukari, halafu oksijeni inatoka nje ndo hii tunayovuta. Hiyo ndo usanisinuru anayosoma shuleni. Sukari hiyo mti unaiunga moja kwa nyingine mpaka inakuwa mbao, ndo maana mbao kavu karibu nusu ya uzito wake ni ukaa.

Sasa udongo umetoa nini? Angalia jiko lako asubuhi, yale majivu. Kalsiamu, potasiamu na madini mengine yasiyoungua, hayo ndo yametoka ardhini. Mbolea ni lazima kweli, ila ni kama chumvi kwenye mchuzi, bila hiyo haupandi lakini sufuria haijazwi chumvi.

Na hukukosea peke yako. Kuna mtaalamu wa Ubelgiji, Jan Baptista van Helmont, alipanda mche wa kama kilo 2 kwenye udongo mkavu wa kama kilo 90, akawa anamwagilia maji tu miaka 5, mti ukafika kama kilo 77 na udongo ukapungua gramu 60 hivi. Akasema basi mti ni maji. Kazi yake ilichapishwa mwaka 1648, na hewa hakuifikiria kabisa.

Kuhusu kurudi ilikotoka, ni kweli inarudi, na kama pale ulipokatwa mti unakua mwingine basi utaivuta tena. Shida ni muda dada. Mti umekusanya huo ukaa miaka 20 au 30, sisi tunaumaliza jikoni ndani ya wiki chache, na pale ulipokatwa mara nyingi pamebaki kisiki na mbuzi wanaokula machipukizi. Ila nisikubebeshe mzigo wote, petroli na makaa ya mawe ni mabaya zaidi, ule ni ukaa uliofukiwa mamilioni ya miaka na hakuna shamba la miti la kuumeza wote. Kule kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwanasayansi Charles David Keeling alianza kupima kabonidayoksaidi ya hewani mwaka 1958, kwenye kila chembe milioni moja za hewa, zake zilikuwa kama 315, leo zimepita 420.

Kama una wateja au ndugu huko wanakochomea, waambie visiki wavizungushie miiba, miti mingi ya miombo inachipua yenyewe ikiachwa.

Na mtoto mwambie apime kilo moja ya mkaa kabla ya kuwasha, halafu apime majivu yakishapoa, aniandikie amepata gramu ngapi.