ULIZA FUNDI: Mustang ya mjomba, nianze na injini ama breki?

SWALI: Habari fundi. Marehemu mjomba aliniachia Ford Mustang kupe (ya milango miwili) ya 1966, ilikaa Mombasa miaka mingi chini ya turubai na sasa iko kwangu Buruburu. Ni silinda sita, inawaka vizuri tu lakini inatoa moshi mweusi na harufu ya petroli, na kule Mombasa haikuwa hivyo. Vijana wa mtaa wanasema nitoe hiyo injini niweke V8, ile ya silinda nane, na rimu kubwa. Pesa si nyingi, nianzie wapi?
Msomaji, Buruburu

JIBU: Pole sana kwa mjomba, ndugu yangu, na asante kwa kuiokoa hiyo gari, maana nyingi za aina hiyo ziliishia kuuzwa kwa kilo.

Kwanza fungua boneti uangalie namba ya chesisi, si ile ya usajili. Ikianza na 6 ni ya 1966 kweli, 07 ni bodi ya kupe, halafu herufi ya tano ndiyo injini: T ni silinda sita ya lita 3.3, C ni V8 ya lita 4.7. Yako ikiwa T, hiyo V8 ya vijana si injini peke yake. Ford walizitengeneza tofauti kabisa, ya sita ina nati nne kwa gurudumu na ya V8 ina tano, springi tofauti, stelingi tofauti, ekseli ya nyuma nyepesi, redieta ndogo, yaani utanunua injini halafu uanze kununua gari yote iliyobaki polepole mpaka pesa iishe na gari iko juu ya mawe. Iache. Nguvu za farasi 120 za hiyo silinda sita zinatosha kabisa kwenda Naivasha na kurudi.

Pesa yako ipeleke kwa breki, na hapa naomba unisikilize vizuri. Gari yako ina breki za dramu (zinazobana ndani ya ngoma) magurudumu yote manne, za inchi 9, na masta silinda, ile inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali, yenye chumba kimoja. Maana yake paipu moja ikipasuka, hata ya nyuma, pedali inashuka hadi chini na huna breki hata moja. Ford waliweka masta silinda ya vyumba viwili mwaka wa 1967. Sasa fikiria unateremka escarpment ya Mai Mahiu, lori mbele, lori nyuma, na hizo paipu zimekula chumvi ya bahari miaka yote hiyo! Weka masta silinda ya vyumba viwili, badilisha paipu zote na hosi zote, kisha pesa ikipatikana weka disk za mbele. Spea za Mustang bado zinatengenezwa Marekani, unaagiza tu, lakini waambie ni ya nati nne, ukisahau hapo utaletewa vitu visivyoingia. Paipu zenyewe fundi mzuri wa Kirinyaga Road atakukunjia.

Kabla hujapaka rangi yoyote, mwaga maji kwenye zile tundu za hewa chini ya kioo cha mbele halafu uinue kapeti. Ukipata sakafu imelowa, kutu imekula ndani na hapo panahitaji welda kwanza.

Rimu kubwa achana nazo, stelingi itakuwa nzito bure. Mikanda ya kuvuka kifua weka, kwa sababu hizo gari zilitoka na ya kiunoni tu. Na kwa vile stelingi iko kushoto, ukitaka kuovateki huoni mbele, enda na mtu wa kukuangalilia ama ukae nyuma ya lori utulie.

Huo moshi usikutishe. Nairobi iko juu kama mita 1,700, hewa ni nyepesi, na kabureta iliyosetiwa Mombasa inamwaga petroli ileile kwa hewa kidogo. Angalia choki (kile kifuniko kinachopunguza hewa injini ikiwa baridi) isiwe imekwama, angalia floti, lile boya la ndani ya kabureta, kisha weka jeti, yaani kitundu cha kupitishia petroli, ndogo zaidi. Ni kazi ya asubuhi moja.