Huku raha ni pesa

Mdogo wangu, umeniandikia mstari mmoja tu: "Dada, huko ni raha tu, na sisi tufanyie mpango." Nimeusoma nikiwa kituo cha basi huku Finland saa kumi na moja alfajiri, nikacheka peke yangu mpaka jamaa aliyesimama pembeni akasogea. Maana Mfini akisomewa huo mstari wako ataambulia neno moja, na atakubaliana na wewe kabisa. Raha kwa Kifini ni pesa.

Herufi zile zile nne, na wala hatukuazimana. La kwetu tulipewa na Waarabu, kwao ni mapumziko. La Wafini zamani lilikuwa ngozi ya mnyama yenye manyoya, enzi hizo watu wakilipana kwa ngozi. Ngozi zikaachwa, ikaja sarafu yao ya markka, 2002 ikaingia euro mikononi mwa watu, neno halikuondoka. Kwa hiyo ukiniambia nakula raha, masikio yangu siku hizi yanasikia natafuna pesa. Na hapo umenigusa kidonda, kwa sababu anayetafuna si mimi.

Mwezi huu nimepigwa vizinga na watu wanne, mmoja wao simfahamu hata kwa sura. Sisemi ni wewe. Vile vile sisemi si wewe.

Kosa ni langu pia, nakubali. Ile picha ya koti jekundu kwenye theluji niliituma mwenyewe, na koti lilikuwa la kuazima. Niliwaambia nimepata kazi ofisini, na sikudanganya: nasugua vyoo vya ofisi, naondoka kabla wenye ofisi hawajafika. Huko nyumbani mngeniita mbeba boksi, na mimi boksi lenyewe sijabahatika kulibeba.

Wiki ya kwanza nilipangwa na mama mmoja wa Estonia, mtu mzima, haongei. Kiestonia na Kifini ni ndugu, raha kwao nayo ni pesa. Wakati wa mapumziko akasimama mbele ya mashine ya kahawa, akajipapasa mfuko wa kulia, akajipapasa wa kushoto, akautoa nje ule wa kushoto ukaning'inia kama ulimi. Akanigeukia. "Pole raha," akasema.

Nusura nilie. Tangu nifike hakuna aliyewahi kunipa pole, maana wenyeji wa huku ukiumwa wanakupisha upumzike, ndiyo heshima yao. Nikajua kuna Mswahili alipita hapo akamfundisha, na sasa ananipa pole kwa uchovu na kunitakia raha. Nikamshika mkono nikamwambia, "Asante sana, mama yangu." Akanikodolea macho, mfuko bado unaning'inia. Kiestonia, pole ni "hakuna". Alikuwa ananiambia hana hela, nimsaidie sarafu, na mimi nikamshukuru kwa moyo wote nikaenda kukaa. (Hiyo sana niliyomwambia, kwa Kifini ni "neno". Yaani hata shukrani yangu haikufika salama.)

Sasa nikujibu ulichouliza. Usije. Nasema kutoka moyoni. Hiyo raha utakutana nayo kabla hata hujapanda ndege: kibali cha mwanafunzi wanataka waione kwenye akaunti yako kwanza. Ukishafika ukitaka kumleta mwenzio na watoto, wanauliza tena mshahara wako utawatosha au la. Kodi inakatwa kabla hujaigusa. Wana msemo wao, *rahalla saa ja hevosella pääsee*, kwa pesa utapata na kwa farasi utafika. Mimi farasi sina.

Ila nakujua, hutanisikia. Basi anza Kifini leo, usingoje kufika. Wanaokudanganya kwamba Kiingereza kinatosha hawajawahi kuomba kazi ya usafi. Na usikisome kwa kubahatisha kwamba maneno yanafanana na yetu, mimi kufanana huko ndiko kulikoniangusha. Zingatia urefu wa sauti: *tuli* ni moto, *tuuli* ni upepo, *tulli* ni forodha. Mimi nilishamwambia mwalimu moto umenichelewesha kituoni, akataka kuita zimamoto.

Na ukipata mshahara wa kwanza, usitangaze. Jifunze kusema sina, tena mapema, kabla watu hawajakuzoea. Usitume kwa aibu. Usikope ili utume, mimi nilikopa, bado nalipa. Lakini mama usimkatie, hata kama wewe utalala na maji. Raha jipe mwenyewe, ndivyo tulivyozoea kusema. Itafsiri hiyo kwa Kifini utaona wapi nilipofikia.

Kuna Mwiraki tunasafisha naye siku hizi. Nikamsimulia habari ya raha, akasema kwa Kiarabu chao ni mapumziko kweli, lakini vile vile ni hiki, akanifungulia mkono akanionyesha kiganja. Cha kwake kimepasuka kama changu, sabuni na baridi. Tukaviweka sambamba tukaviangalia kidogo, halafu zamu ikaanza.

Ada yako nimeituma asubuhi, angalia simu. Na mama akiuliza, mwambie raha ipo. Habari ya viganja usimwambie.