Kura nyingi, na bado unashindwa

Mkuu, umeuliza inakuwaje Hillary Clinton apate kura nyingi kuliko Trump kwenye uchaguzi wa rais wa Marekani mwaka 2016 halafu Trump ndiye aapishwe. Ni kweli alimzidi, tena kwa karibu milioni 3. Ila kule rais hapatikani kwa jumla ya kura za nchi nzima. Kuna wajumbe 538 ambao ndio humchagua rais, kila jimbo na fungu lake, na anayefikisha 270 ndiye anaingia Ikulu. Karibu majimbo yote humpa mshindi wajumbe wote hata akishinda kwa kiduchu. Maine na Nebraska pekee ndiyo hugawa. Kwa hiyo ukiwa mfuasi wa chama cha Republican California, ambako wapinzani wao Democrats hushinda kirahisi, kura yako ya urais inaishia hewani. Wagombea wanalijua hilo: wanapiga kambi majimbo yenye ushindani mkali kama Pennsylvania na Wisconsin, kwingine wanapita kuchangisha hela tu.

Binafsi naona mfumo huu umepitwa na wakati, ingawa watu wa Wyoming, jimbo lenye watu wachache, watakuuliza bila huo nani angewasikiliza. Wana hoja, kidogo.

Lakini sisi huku tunabishana urais tu. Karatasi yao ya kura ni ndefu balaa: seneta, gavana, sherifu, bodi ya shule, kuna majimbo hata jaji anapigiwa kura, na mara nyingine swali la kama kodi ya majengo ipande ili yajengwe madarasa. Yote hayo Jumanne, siku ambayo si sikukuu ya kitaifa, na bosi anakusubiri kazini. Ndiyo maana wengi hupiga mapema au kwa posta.